Mficha Uchi Hazai: Kiswahili na Somo la Mayosisi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii hutumiwa aghalabu kumhimiza mwenye shida aiseme ili asaidiwe, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuifasiri katika madarasa ya fasihi simulizi. Katika makala haya ninanuia kuirejesha kwenye maana yake ya juu, yaani uzazi wenyewe. Maoni yangu ni kwamba sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tumelifumbia macho jambo moja la uzazi, na kwa kulifumbia macho tumewanyima watu wetu jibu la swali linalovunja nyumba zao. Jambo lenyewe ni mayosisi, yaani ule mgawanyiko wa seli unaozalisha mbegu za kiume na mayai ya kike.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi ana nini na mayosisi? Nami nilidhani sina lolote, hadi nilipoulizwa swali nikashindwa kulijibu.

Likizo moja, nikiwa katika mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, nilimtembelea mama mdogo huko Voi. Mama mdogo ana mabinti watano. Mwaka huo mumewe alikuwa ameoa mke wa pili, na sababu iliyotajwa mbele ya wazee ni kwamba tumbo la mama mdogo halina mtoto wa kiume. Tulikuwa jikoni, yeye akichambua mchicha, aliponiuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie, ni kweli kosa hili ni langu?"

Jibu nilikuwa nalo. Kidato cha tatu nilifundishwa mayosisi, kidato cha nne nikafundishwa jenetiki, na mtihani wa Biolojia niliupita vyema. Lakini nilipofungua kinywa, nilichoweza kusema ni hiki: "La, mama. Anayeamua ni baba."

Mama mdogo akacheka. "Baba anaamua? Basi mbona hakuamua?"

Sikuwa na la kuongeza. Nilijua majina ya hatua zote za mayosisi kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine, kama kasuku. Sikujua kueleza kinachotendeka. Isitoshe, jibu langu fupi lilikuwa na kosa, maana baba haamui chochote. Mama mdogo, ambaye hakupita darasa la saba, aliliona kosa hilo mara moja. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba tatizo letu si kukosa istilahi tu. Tatizo ni kwamba tulipewa maneno kabla ya kupewa maarifa, na kwa lugha tusiyoitumia tunapozungumza na mama zetu.

Neno na Asili Yake

Yafaa tuanze na neno lenyewe, kwani neno ndilo lililonirudisha kwenye somo hili. Nikiwa katika mwaka wa kwanza wa uzamili, nilipokuwa nikisoma kuhusu tamathali za balagha ya Kiyunani, nilikutana na mayosisi kwa mara ya pili maishani. Humo mayosisi si mgawanyiko wa seli. Ni mbinu ya usemi ambapo msemaji hulieleza jambo kwa uzito mdogo kuliko ulio nao, mithili ya mtu aliyeungulia nyumba yote akasema kwamba amepata hasara kidogo. Neno hili kwa Kiyunani maana yake ni kupunguza.

Mwaka 1905 wanabiolojia wawili wa Uingereza, J. B. Farmer na J. E. S. Moore, walilichukua neno hilohilo na kuliita nalo tendo la seli kupunguza idadi ya kromosomu zake. Walikuwa wameona kinachotendeka, wakatafuta neno linalokifaa, wakalipata katika lugha ya kigeni. Hata tahajia yao ya kwanza ilitofautiana kidogo na inayotumiwa leo.

Tukitazama istilahi nyingine za taaluma hii tunapata hadithi ileile. Mwingereza Robert Hooke alipotazama kipande cha gome la mti kwa hadubini na kuchapisha matokeo yake mwaka 1665, aliona vijumba vingi vilivyopangana, akaviita kwa neno la Kilatini linalomaanisha chumba kidogo. Ndilo lililotupa seli. Mwaka 1888 Mjerumani Heinrich Waldeyer aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la rangi na jingine la mwili, akapata kromosomu, kwa sababu nyuzi hizo ndani ya seli zilinyonya rangi iliyotumiwa maabarani zikaonekana vizuri.

Ni bayana basi kwamba Kiingereza hakikuzaliwa na istilahi za sayansi. Kilikopa, kikatohoa, kikabuni. Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza mayosisi kwa sababu neno lenyewe ni la kigeni, wanakidai Kiswahili sharti ambalo Kiingereza chenyewe hakikulitimiza.

Mayosisi kwa Lugha ya Nyumbani

Nitajaribu sasa kutenda nililoshindwa kulitenda jikoni mwa mama mdogo. Mfano nitakaoutumia ni wa kanga.

Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba kanga huuzwa kwa doti, yaani jozi ya kanga mbili. Katika takribani kila seli ya mwili wa binadamu mna nyuzi ziitwazo kromosomu, na ndani ya kromosomu mna jeni, yaani maagizo ya namna mwili utakavyojengwa. Kromosomu hizo ni 46, nazo zimepangwa kwa doti 23. Katika kila doti, kanga moja ilitoka kwa mama na nyingine kwa baba. Idadi hii ya 46 ilithibitishwa mwaka 1956 na Joe Hin Tjio na Albert Levan. Kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wameamini kwa miongo kadhaa kwamba ni 48. Hata sayansi, kama usanifishaji wa lugha, hujisahihisha.

Sasa tafakari. Iwapo yai lingekuwa na kromosomu 46, na mbegu ya kiume 46, mtoto angekuwa na 92, na mjukuu 184. Kila kizazi kingeongeza maradufu mzigo wa kizazi kilichotangulia. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani August Weismann alihoji kwamba lazima pawepo mgawanyiko wa pekee unaopunguza idadi hiyo kwa nusu kabla ya utungisho. Mgawanyiko huo ndio mayosisi. Seli za kawaida, kama za ngozi au za mfupa, hujigawa kwa njia nyingine iitwayo mitosisi, ambapo seli moja huzaa mbili zenye kromosomu 46 kila moja. Mayosisi hutokea katika ovari na korodani pekee, nayo ina migawanyiko miwili inayofuatana.

Kwanza kila kromosomu hujitengenezea nakala, na nakala hiyo ikabaki imeshikamana nayo. Kisha kanga za doti moja hutafutana na kulala ubavu kwa ubavu. Zikiwa zimelala hivyo, hubadilishana vipande: kipande cha pindo la kanga ya mama huhamia kwenye kanga ya baba, na cha baba kuhamia kwa ya mama. Hapo ndipo doti hukatwa. Kanga moja huenda upande huu, nyingine upande ule, na seli ikagawika mara ya kwanza. Kila seli kati ya hizo mbili sasa ina kromosomu 23, ingawa kila kromosomu bado imeshikamana na nakala yake. Mgawanyiko wa pili huzitenganisha nakala hizo. Mwisho wa yote, seli moja imezaa seli nne, kila moja ikiwa na kromosomu 23.

Kila mfano una mpaka wake, nami sina budi kuutaja wa huu. Kanga za doti moja hufanana kwa kila kitu, hata jina lililoandikwa juu yake. Kromosomu za doti moja hufanana kwa mpangilio tu. Mahali ambapo ya mama ina agizo la rangi ya ngozi, ya baba nayo ina agizo la rangi ya ngozi, lakini huenda maagizo yenyewe yakatofautiana.

Jambo linalostaajabisha zaidi ni kwamba doti hizi 23 hukatwa bila kushauriana. Kanga ya mama katika doti ya kwanza inaweza kwenda upande mmoja na kanga ya baba ya doti ya pili, au vinginevyo. Kwa hesabu hiyo pekee, mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko 8,388,608 tofauti, kabla hata hatujahesabu vile vipande vilivyobadilishana. Hii ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja hufanana bila kuwa sawa. Tuliposema kwamba vidole vya mkono havilingani, tulikuwa tumeyaona matokeo. Mayosisi inatueleza chanzo.

Mayosisi ya mwanamume na ya mwanamke hazifuati ratiba moja. Kwa mwanamume huanza anapobaleghe na kuendelea hadi uzeeni, na seli zote nne huwa mbegu. Kwa mwanamke huanza kabla hajazaliwa. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, seli za ovari zake huingia katika mayosisi, kisha husimama katikati ya safari kwa miaka mingi. Baada ya kubaleghe, kila mwezi yai moja kwa kawaida huamka na kuendelea, na hukamilisha mgawanyiko wa pili iwapo tu mbegu ya kiume italiingia. Zaidi ya hayo, badala ya mayai manne hupatikana yai moja lililohifadhi karibu chakula chote, na seli ndogo ambazo hufa. Kwa mantiki hii, yai lililonizaa mimi lilianza safari yake mamangu akiwa tumboni mwa nyanya. Sijui utenzi gani ungelisema jambo hilo kwa uzuri kuliko ukweli wenyewe.

Jibu la Swali la Mama Mdogo

Turejee Voi. Kati ya doti 23, moja ndiyo inayohusika na jinsia. Kwa mwanamke doti hiyo ina kromosomu mbili za aina moja, ziitwazo X. Kwa mwanamume ina X moja na nyingine ndogo iitwayo Y. Mwaka uleule wa 1905 ambapo mayosisi ilipewa jina, mwanasayansi wa Marekani, Bi. Nettie Stevens, alichapisha utafiti wake juu ya mbawakawa wa unga. Aligundua kwamba mbegu za dume zilikuwa za aina mbili, zenye kromosomu kubwa na zenye ndogo, na kwamba tofauti hiyo ndiyo iliyoamua jinsia ya kizazi. Mwenzake Edmund Wilson alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo mwaka huohuo.

Mama anapokata doti yake ya jinsia, kila yai hupata X, kwa sababu hana kingine cha kutoa. Baba anapokata ya kwake, nusu ya mbegu hupata X na nusu hupata Y. Mbegu yenye X ikilifikia yai, mtoto huwa wa kike. Yenye Y ikilifikia, huwa wa kiume. Basi tofauti hutoka kwa baba, lakini uamuzi si wake. Hajui ni mbegu gani kati ya mamilioni itakayotangulia. Baba hutoa, haamui. Hilo ndilo neno nililolikosa jikoni, nalo si istilahi hata kidogo.

Tena, kila mimba huanza upya. Doti haikumbuki ilivyokatwa mara iliyopita. Tukichukua kwamba nafasi ya msichana na ya mvulana ni takribani sawa, basi katika kila familia 32 zenye watoto watano, tutarajie moja hivi ambayo watoto wote ni wasichana, na nyingine ambayo wote ni wavulana. Familia ya mama mdogo haikulaaniwa. Ilikuwa mojawapo ya familia hizo.

Mayosisi hujibu maswali mengine ya nyumbani pia. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na wazazi ambao aghalabu ngozi zao ni nyeusi, na mama hushukiwa uzinzi. Ukweli ni kwamba kila mzazi alikuwa na jeni mbili za jambo hilo, moja ya kawaida na moja iliyobadilika, ile ya kawaida ikiificha nyenzake. Mayosisi huzitenganisha. Iwapo yai litapata ile iliyobadilika, na mbegu nayo ikapata iliyobadilika, mtoto huzaliwa na ualbino; nafasi yake ni 1 kati ya 4 katika kila mimba. Jeni hiyo ilitoka kwa wazazi wote wawili. Vivyo hivyo, doti isipokatika sawasawa, yai au mbegu hupata kromosomu moja zaidi. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa, wakiwemo Jérôme Lejeune na Marthe Gautier, walitangaza kwamba watu wenye hali ya Down wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Uwezekano wa kosa hilo huongezeka kadiri umri wa mama unavyoongezeka. Uchawi hauna nafasi katika maelezo haya.

Tafsida na Kimya

Kwa nini basi hatuyasemi? Jibu la haraka ni kwamba Kiswahili ni lugha ya adabu. Tunasema mwanamke ni mja mzito, amejifungua, ameingia mwezini. Tafsida hizi ni pambo la lugha yetu na sitetei ziondolewe. Lakini tukumbuke sharti la tafsida. Msemaji anapotumia tafsida, yeye na msikilizaji wote wawili wanakijua kinachositiriwa. Panapokosekana ujuzi huo, hakuna tafsida. Pana kimya tu. Hatuwezi kudai kwamba tunaisitiri mayosisi kwa heshima ilhali hatujawahi kuieleza.

Wala si kweli kwamba utamaduni wetu ulikuwa wa kunyamaza. Katika unyago, kungwi alimfunza mwari mambo ya mwili wake bila kupindapinda maneno, kwa nyimbo, vitendo na mafumbo yaliyofumbuliwa hapohapo. Mwanamke aliyempokea msichana na kumfunza huitwa somo, na neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa yale tunayosoma darasani. Kilichokuwepo ni mahali pake, wakati wake na mwalimu wake. Leo kungwi ameondoka katika nyumba nyingi, na mwalimu wa Biolojia aliyechukua nafasi yake huzungumza lugha ambayo haivuki lango la shule.

Hapa ndipo ninapoukumbuka ule utani wa historia, kwamba neno moja lina maana mbili. Sisi watu wa fasihi tumeishi kwa mayosisi ya balagha, ya kulisema jambo zito kana kwamba ni jepesi. Mume anapoleta mke wa pili kwa sababu ya mabinti watano, tunasema "walikuwa na tofauti ndogo nyumbani." Mayosisi ya kwanza imetuzuia kuieleza ya pili.

Hoja za Wapinzani

Nimeyazungumza haya na wenzangu mara kadhaa, na hoja tatu hurudiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba mwanafunzi wa Kenya atatahiniwa sayansi kwa Kiingereza, hivyo kumfundisha kwa Kiswahili ni kumtwika mzigo maradufu. Nakubali kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Hata jirani zetu wa Tanzania, wanaofundisha shule za msingi za umma kwa Kiswahili, hukutana na Kiingereza katika shule za upili. Lakini makala haya hayahusu mtihani. Mama mdogo hatautahiniwa kamwe. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha ya taifa isiyoweza kumweleza raia jinsi alivyompata mwanawe ina deni ambalo Katiba haiwezi kulilipa kwa niaba yake.

Hoja ya pili ni kwamba istilahi hazijakubalika. Huyu anasema seli, yule chembe hai. Huyu anatohoa, yule anabuni. Tofauti hizo zipo, ila zisitumiwe kuwa kisingizio. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 2004. Wangapi kati yetu tumeifungua? Tena tutazame neno selimundu, jina la ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa njia inayofanana na ile ya ualbino. Aliyelibuni alijua kwamba seli nyekundu za mgonjwa hujikunja kama mundu. Neno hilo linamfundisha msikilizaji kabla hata hajaelezwa. Istilahi njema hutoka kwa mtu aliyekiona kitu chenyewe, kama Hooke alivyoviona vijumba vyake. Tunaweza kulihifadhi neno mayosisi lilivyo, kwa sababu hata Kiingereza kinalikopa, mradi tuwe na maelezo yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera, kwa kuwa ni yetu wenyewe: kwamba hii ni kazi ya wanabiolojia. Tulikimbilia Kiswahili, wanasema, ili tuzikimbie sayansi. Lakini hebu tujitazame. Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu taasubi ya kiume katika riwaya na tamthilia. Tumewachambua wahusika wa kike wanaofukuzwa kwa kutozaa watoto wa kiume. Tumeutaja mfumo dume, tukanukuu nadharia za ufeministi kutoka ng'ambo. Ni tasnifu ngapi zilizotenga aya moja kueleza kwamba shutuma anayotupiwa mhusika huyo ni uongo, na ni uongo kwa sababu gani? Tunauchambua uchungu wa mhusika na kumwacha msomaji wetu akiamini lile linaloamini kundi linalomtesa. Mimi pia niliandika insha ya namna hiyo, nikapata alama nzuri, mwaka mmoja baada ya kushindwa kumjibu mama mdogo. Sioni fahari nikiikumbuka.

Mapendekezo

Ninapendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji ruzuku wala tume.

Mosi, kila toleo la jarida letu litenge kurasa kwa makala moja ya kueleza tendo la kisayansi kwa Kiswahili, iandikwe na wawili: mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa Biolojia, Kemia au Fizikia. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Nilipokuwa nikiandaa makala haya, mwanafunzi wa Biolojia aliusahihisha mfano wangu wa kanga mara tatu, nami nikamsahihisha sentensi zake mara nyingi zaidi. Sote wawili tuliondoka tukiwa tumejifunza.

Pili, wahadhiri wa somo la tafsiri wakubali sura ya kitabu cha sayansi kuwa kazi ya mradi, kama wanavyokubali hadithi fupi. Atakayejaribu kutafsiri aya moja kuhusu mayosisi atagundua upesi kwamba hawezi kutafsiri asichokielewa. Ugunduzi huo una manufaa kuliko mihadhara kadhaa ya nadharia.

Tatu, tubadilishe kipimo chetu. Tumezoea kuijaribu istilahi kwa kuuliza kama imefuata kanuni za uundaji. Tuijaribu pia kwa msikilizaji. Maelezo ambayo mama wa sokoni hayaelewi, baada ya kupewa muda na heshima, yana kasoro ambayo ni yetu sisi tuliomweleza.

Tamati

Mwaka uliopita nilirudi Voi. Mama mdogo bado yupo, na binti yake wa kwanza sasa ni mwalimu. Nilimwomba doti ya kanga ambayo haijakatwa, akaitoa sandukuni kwa shaka, akidhani nataka kumpelekea mtu. Nikaitandika mkekani. Nikamweleza habari ya doti 23, jinsi zinavyolala ubavu kwa ubavu, zinavyobadilishana pindo, zinavyokatwa. Nikamwonyesha kwamba yeye, kila mara, hakuwa na cha kutoa ila kile alichokitoa, na kwamba baba mdogo naye hakuchagua. Ilituchukua muda mrefu. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtahini aliyewahi kuniuliza, likiwemo la kwa nini mabinti zake hawafanani ikiwa doti ni zilezile. Safari hii nililijibu.

Nilipomaliza alikaa kimya, akiikunja kanga yake polepole. Kisha akauliza: "Na haya yamejulikana tangu lini?"

Nikamwambia, tangu mwaka 1905.

"Basi nyanya yako alikuwa hajazaliwa," akasema, akairudisha kanga sandukuni.

Wapenzi wa Kiswahili, ukweli ule ulikuwa na zaidi ya miaka mia moja ulipofika kwenye mkeka ule, na njiani haukuzuiwa na uhaba wa maneno. Doti, pindo, kukata, nusu, kutoa: yote haya mama mdogo alikuwa nayo tangu utotoni. Uliyemchelewesha ni wewe, na niliyemchelewesha ni mimi. Mficha uchi hazai, nasi tumeficha vya kutosha.